Shimo Likiisha Makaa: Jinsi Ardhi ya Mgodi wa Wazi Inavyorudishiwa Uhai

Makaa ya mawe yakiwa karibu na uso wa ardhi, hayachimbwi kwa kupitia njia nyembamba za chini kwa chini. Mchimbaji hufyeka miti, huhamisha watu, huparura udongo, hupasua miamba kwa baruti na kuitupa kando, kisha huyakata makaa yakiwa yamelala wazi juani. Huo ndio mgodi wa wazi. Shimo lake linaweza kuwa na upana wa kilomita kadhaa na kina kinachozidi mita 100. Siku makaa yanapoisha, au bei inapoanguka, mashine huondoka na watu wa jirani hubaki na shimo.

Kenya bado haina mgodi wa makaa ya mawe unaofanya kazi. Hata hivyo, uchunguzi wa Wizara ya Nishati ulithibitisha kuwa makaa yapo katika Bonde la Mui, Kaunti ya Kitui, na bonde hilo likagawanywa katika vitalu vinne, A hadi D. Tanzania tayari inachimba kwa mgodi wa wazi huko Ngaka, mkoani Ruvuma. Nayo mashimo ya mawe ya kujengea, kokoto, mchanga na chokaa hayahitaji kutafutwa mbali. Yako katika kaunti nyingi za Kenya, na wakati wa masika hujaa maji ambamo watoto huenda kuogelea. Swali la wakazi ni lile lile kila mahali: je, shamba litarudi kuwa shamba?

Wenye majibu ni wale waliochimba zamani na wakalazimika kukarabati. Marekani ina karibu nusu karne ya sheria juu ya jambo hili. Ujerumani inakarabati mashimo ambayo mengine ni makubwa kuliko miji. Nchi zote mbili zimefaulu kwa kiasi, na kila moja ilikosea mahali pake. Makosa hayo ndiyo yanayofundisha zaidi.

Udongo wa juu hauna mbadala

Mkulima yeyote anajua tofauti kati ya udongo wa shambani na ule unaotolewa mtu akichimba kisima. Wa shambani una mizizi iliyooza, samadi, mchwa, kuvu na mbegu zilizolala zikisubiri mvua. Ule wa kisimani ukimwagwa uani hukaa miaka bila kuota kitu cha maana. Tabaka lenye uhai ni jembamba, mara nyingi sentimita 10 hadi 30 tu, na lilichukua karne nyingi kujijenga.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mgodi unaoendeshwa vizuri hufanyika kabla ya kuona makaa. Tabaka hilo huparurwa peke yake na kuwekwa mahali pake, lisichanganywe na kifusi cha chini. Hapo ndipo wengi hukosea kwa mara ya pili, kwa kuurundika udongo huo kama mlima. Rundo likiwa refu mno hewa haifiki katikati, viumbe vilivyomo hufa na mbegu huoza. Likikaa miaka kumi, kinachorudishwa shambani ni udongo kwa jina tu.

Njia bora ni kutolirundika kabisa. Mgodi husonga mbele kama mkulima anayefungua tuta jipya: kifusi cha sehemu mpya hujaza sehemu iliyokwisha chimbwa, na udongo wa juu unaoparurwa mbele huhamishiwa moja kwa moja nyuma, ukiwa bado hai. Huu huitwa ukarabati wa hatua kwa hatua. Kwa mwananchi una faida nyingine isiyo ya kilimo: anaweza kuona kwa macho yake, mgodi ukiwa bado unatengeneza pesa, kama kampuni inakarabati kweli au inaahidi tu.

Milima iliyoshindiliwa mno

Tarehe 3 Agosti 1977, Rais Jimmy Carter wa Marekani alitia saini sheria ya kudhibiti uchimbaji wa makaa ya mawe kwa migodi ya wazi na ukarabati wa ardhi. Kabla ya hapo, katika milima ya Appalachia, majimbo kama Kentucky na West Virginia yaliachiwa kuta za miamba zilizosimama wima, mawe yaliyosukumwa mabondeni na vijito vilivyogeuka rangi ya chungwa. Sheria hiyo ilimtaka mchimbaji airudishe ardhi karibu na umbo lake la awali, ahifadhi udongo wa juu, apande mimea, na aweke dhamana ya fedha kabla ya kugusa ardhi.

Kwa upande wa maporomoko sheria ilisaidia sana. Wakaguzi na wachimbaji, kwa kuogopa mmomonyoko, walipendelea mteremko laini ulioshindiliwa barabara. Tingatinga lilipita juu yake, likarudi, likapita tena. Kisha zilipandwa nyasi zinazoota haraka na kusongamana. Ndani ya miezi michache kilima kilikuwa kijani, fomu zikatiwa saini, na dhamana ikaanza kurudishwa.

Lakini pale palikuwa na msitu, na msitu haukurudi. Udongo ulikuwa umeshindiliwa mpaka ukafanana na barabara ya murram. Mizizi ya miche haikuweza kupenya, na maji ya mvua yaliteleza juu yake badala ya kuzama. Nyasi zile zilinyang'anya miche maji na jua, na panya wa porini walijificha humo wakitafuna magome. Baadhi ya mimea iliyoletwa kufunika ardhi ilivuka mipaka na kuwa magugu sumbufu. Maelfu kwa maelfu ya hekta zilibaki nyasi na vichaka ambapo zamani ilisimama mialoni na miti mingine ya mbao ngumu. Sheria ilitimizwa, na makazi ya wanyama yakapotea.

Mwaka 2004 ofisi ya serikali inayosimamia sheria hiyo, pamoja na majimbo ya Appalachia, ilianzisha mpango wa kurudisha misitu kwa utaratibu uliotokana na utafiti wa miaka mingi. Utaratibu wenyewe ni mwepesi kueleza. Mizizi iandaliwe tabaka lenye kina kisichopungua mita 1.2 la udongo wa juu, mawe-mchanga yaliyolainika kwa hali ya hewa, au kitu bora kinachopatikana hapo. Tabaka hilo limwagwe na kusawazishwa kijuujuu, lisishindiliwe. Nyasi zitakazopandwa ziwe fupi na zisizosongamana, zinazoiachia miche nafasi. Miti iwe ya aina mbili: inayokua upesi na kulisha ndege na wanyama, pamoja na ile ya mbao yenye thamani. Na miche ipandwe na watu wanaojua kazi hiyo.

Uso wa ardhi iliyoandaliwa hivyo hauvutii. Una mabonge, mawe na vishimo, na mkaguzi wa zamani angeukataa. Lakini vishimo hivyo hushika maji na mbegu zinazopeperushwa na upepo. Maeneo ya zamani yaliyoshindiliwa nayo yanarudiwa: tingatinga lenye meno marefu ya chuma hupasua ardhi kwa kina, kisha miche hupandwa upya. Hiyo ni gharama ya pili kwa kazi ambayo ingefanywa mara moja.

Mchanga uliogeuka uji

Ujerumani ilipata somo la kinyume. Katika eneo la Lausitz, mashariki mwa nchi hiyo, makaa laini ya rangi ya kahawia yamelala chini ya mchanga. Ujerumani Mashariki ya wakati huo ilichimba zaidi ya tani milioni 300 za makaa ya aina hiyo kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Madaraja makubwa ya chuma yalibeba mchanga kutoka upande mmoja wa shimo na kuumwaga upande wa pili. Moja la aina hiyo, lenye urefu wa mita 502, limesimama hadi leo huko Lichterfeld na watalii hulipa kulipanda. Zaidi ya vijiji 130 vya Lausitz viliondolewa, vyote au sehemu, vingi vikiwa vya Wasorbi, jamii ndogo yenye lugha yake.

Baada ya nchi kuungana mwaka 1990, migodi mingi ilifungwa karibu kwa mkupuo. Kazi ya kuikarabati ilikabidhiwa kampuni ya serikali inayoitwa LMBV. Kwa kuwa makaa yalikuwa yameondolewa na kifusi hakikutosha kujaza mashimo, mengi yaligeuzwa maziwa. Ziwa la Senftenberg ndilo mfano unaotajwa sana: mgodi ulijazwa maji tangu 1967, na kufikia 1973 watu walikuwa wakiogelea ufukweni. Leo eneo zima ni msururu wa maziwa, mengine yakiunganishwa kwa mifereji ya mashua.

Tatizo lilikuwa chini ya miguu. Mgodi unapofanya kazi, pampu huteremsha maji ya chini ya ardhi usiku na mchana. Pampu zikizimwa, maji hupanda tena na kuingia katika mchanga uliomwagwa bila kushindiliwa. Mchanga wa namna hiyo ukilowa kabisa husimama kwa bahati. Mtikisiko mdogo, pengine wa gari tu, huweza kuufanya uteleze wote kwa pamoja, ukageuka uji mzito unaotiririka pamoja na miti iliyo juu yake.

Tarehe 18 Julai 2009, huko Nachterstedt katika jimbo la Sachsen-Anhalt, kipande cha ukingo wa ziwa lililokuwa likijazwa katika mgodi wa zamani kiliporomoka alfajiri na kuzoa nyumba. Watu watatu walikufa. Uchunguzi wa baadaye ulielekeza kidole kwenye shinikizo la maji ya chini ya ardhi. Mwaka uliofuata, ardhi iliporomoka ghafla huko Lausitz pia, na maelfu ya hekta zikafungwa, zikiwemo za misitu na mashamba yaliyodhaniwa kuwa yamekarabatiwa. Tiba yake ni ya taabu: vyuma virefu vinavyotetemeka huteremshwa mchangani ili chembe zishikamane, au baruti ndogo hulipuliwa ndani ya visima vyembamba kwa kazi iyo hiyo. Baadhi ya maeneo yanashughulikiwa hadi leo.

Wamarekani walishindilia juu, mti ukashindwa kuota. Wajerumani waliacha chini kukiwa kumelegea, ardhi ikakimbia. Mtu akiyaweka masomo haya mawili pamoja anapata kanuni ambayo kila mpango wa ukarabati unapaswa kuijibu: kifusi cha chini kishikamane, na mita ya juu ilegee. Mpango unaosema tu kwamba ardhi "itasawazishwa na kupandwa miti" haujaeleza lolote.

Maji hukumbuka

Pamoja na makaa ya mawe mara nyingi kuna pairiti, madini ya chuma na salfa yanayong'aa kama dhahabu bandia. Yakiwa yamefunikwa chini hayana shida. Yakikutana na hewa na maji huzaa asidi ya salfa, na asidi hiyo huyeyusha chuma na metali nyingine kutoka kwenye miamba. Baadhi ya maziwa ya Lausitz yalianza yakiwa na ukali wa asidi unaokaribia ule wa siki, samaki hawakuweza kuishi humo, na maji yake yalionekana masafi kupita kiasi. Maji yakiwa angavu hivyo katika shimo la mgodi, mkazi hana budi kuwa na shaka kabla ya kunywesha mifugo.

Wajerumani hupunguza asidi kwa kumwaga chokaa ziwani kwa mashua maalumu, na kwa kulijaza shimo haraka kwa maji ya mto ili maji machafu ya chini yasitangulie. Hata hivyo mto Spree umepata rangi ya kahawia katika sehemu zake kutokana na chuma kinachotoka kwenye ardhi ya migodi ya zamani, na vizuizi vimewekwa ili tope hilo lisifike Spreewald, eneo la vijito na misitu ambalo UNESCO ilitambua kuwa hifadhi ya mazingira mwaka 1991. Mbinu ya bei nafuu zaidi ilipaswa kutumika mapema: miamba yenye pairiti itambuliwe kwa vipimo kabla ya kuchimbwa, izikwe chini kabisa mbali na hewa, na isitumiwe kamwe kama tabaka la juu.

Kuna jambo jingine ambalo mipango mingi hulipita haraka. Ziwa la Lausitz lipo katika nchi ya baridi yenye mito inayotiririka mwaka mzima, na hata huko ujazaji umewahi kusimamishwa katika miaka ya ukame kwa sababu Berlin, iliyo chini ya mto, inahitaji maji hayo. Katika sehemu kame za Kenya jua hunywa maji mengi kuliko yale mvua inayoleta. Shimo lililoachwa wazi hapo haliwi ziwa la kuogelea. Huwa bwawa linalokauka na kuacha chumvi, au linavuta maji ya visima vya jirani. Na kabla ya hapo, katika miaka yote ya uchimbaji, pampu za mgodi huteremsha maji ambayo watu wa mabonde kama Mui huyachota kwenye visima vifupi na kwenye mchanga wa mito ya msimu. Kwa hiyo wazo la "ziwa la utalii" likiletwa katika kaunti kame, swali la kwanza ni maji hayo yatatoka wapi.

Mti gani, na nani atakula majani yake

Kenya haikosi somo lake yenyewe. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mombasa, kilianza miaka ya 1950 na kuacha nyuma yake jangwa la mawe ya matumbawe, tambarare nyeupe isiyo na udongo, karibu na usawa wa maji ya chini yenye chumvi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti huko. Alijaribu aina 26. Zilizoshika ni tatu tu, na mvinje ndio uliofanya vizuri zaidi, kwa kuwa mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyonasa naitrojeni kutoka hewani.

Miti ilikua, lakini udongo haukutokea. Majani ya mvinje yaliyoanguka yalilala chini kama mkeka, hayaozi. Jibu lilikuwa jongoo wekundu, ambao wanayala majani hayo na kuyatoa yakiwa mbolea. Walikusanywa kwa mamia wakaachiliwa chini ya miti, na polepole udongo mweusi ukaanza kujengeka juu ya jiwe. Hapo ndipo nyasi, ndege na wanyama walipopata pa kuishi. Leo wageni huingia Haller Park kuona viboko, twiga na kobe, na wachache hukumbuka kwamba bustani hiyo ilisimamishwa na jongoo.

Kilichofaa Bamburi hakifai kuhamishwa kila mahali. Mvinje ni mti wa pwani. Sehemu za Ukambani zina migunga, mikwaju na mukau, mti wa mbao ngumu unaostahimili ukame ambao watafiti wa misitu wa KEFRI wameufanyia kazi Kitui kwa miaka mingi. Upanzi wenyewe hauna budi kufuata mvua za vuli, ambazo huko ndizo za kutegemewa, badala ya tarehe ya sherehe ya kampuni. Na kila mmea mgeni unaosifiwa kwa kukua haraka upimwe kwa kumbukumbu ya mathenge. Mti huo ulipandwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa nia hiyo hiyo ya kuokoa ardhi iliyochakaa. Sasa umefunga malisho, miiba yake hutoboa matairi, na wafugaji wameona mbuzi waking'oka meno kwa kula maganda yake.

Wakati mwingine kazi bora ni kuacha. Huko Wanninchen, Lausitz, shirika la uhifadhi lilinunua takriban hekta 3,000 za migodi ya zamani na kuziachia sehemu kubwa zijiendeleze zenyewe: mchanga mtupu, vidimbwi, vichaka. Kila vuli ya Ulaya korongo na bata bukini hutua huko kwa maelfu. Hudihudi, ndege yule mwenye taji ambaye Mkenya anamfahamu vizuri, naye hupenda mchanga wazi wa migodi ya Lausitz. Ardhi isiyo na rutuba, ambayo kwa mkulima ni hasara, kwa viumbe kadhaa ni makazi ambayo mashamba yaliyotiwa mbolea hayawezi kuwapa. Mpango mzuri huweka kando sehemu ya aina hii, lakini isiwe kisingizio cha kutofanya kazi kwingine kote.

Nani analipa

Ukarabati wa migodi ya zamani ya Ujerumani Mashariki umeshagharimu umma zaidi ya euro bilioni 10, na bado unaendelea. Marekani, kwa upande wake, ilitenga takriban dola bilioni 11 mwaka 2021 kwa ajili ya migodi ya makaa iliyotelekezwa kabla ya sheria ya 1977. Hizo ni kodi za watu ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa makaa hayo yalipouzwa.

Dhamana ndiyo kinga. Mchimbaji huweka fedha au hati ya benki inayotosha kulipa mtu mwingine amalize kazi, endapo yeye atatoroka au kufilisika. Marekani huirudisha kwa awamu: sehemu baada ya kujaza na kuchonga ardhi, sehemu baada ya mimea kushika, na ya mwisho baada ya kipindi cha uangalizi. Kipindi hicho ni miaka 5 katika maeneo yenye mvua, na miaka 10 katika maeneo yanayopata mvua ya takriban milimita 660 au pungufu kwa mwaka. Waliotunga kanuni hiyo walijua kwamba mche unaweza kuishi misimu miwili na kufa wa tatu. Sehemu kubwa ya Kenya iko chini ya kiwango hicho.

Lakini dhamana nayo ina mlango wa nyuma. Baadhi ya majimbo ya Marekani yaliruhusu kampuni kubwa kujidhamini zenyewe, yaani kuahidi kwa nguvu ya jina lao. Mwaka 2015 na 2016 kampuni kadhaa za namna hiyo ziliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na majimbo yakabaki yameshika ahadi.

Sheria inampa mkazi nafasi gani

Nchini Kenya, Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inamtaka anayeomba leseni ya uchimbaji mkubwa awasilishe mpango wa kukarabati eneo na kufunga mgodi, na aweke dhamana ya kulinda mazingira. Sheria hiyo hiyo inagawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya eneo husika. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inataka tathmini ya athari ifanywe kabla ya mradi kuanza, na NEMA hutangaza ripoti hiyo ili wananchi watoe maoni.

Katika vikao vya ushirikishaji wa umma mazungumzo huenda haraka kwenye ajira na fidia, na ni haki, kwa kuwa ndiyo mahitaji ya leo. Kurasa za ukarabati huwa mwishoni mwa ripoti na husomwa na wachache. Mkazi, mzee wa kijiji au mwakilishi wa wadi anayezifungua anaweza kuuliza mambo ya wazi: udongo wa juu utawekwa wapi, kwa urefu gani na kwa muda gani, miamba imepimwa pairiti, kifusi kitashindiliwaje chini na kuachwaje juu, visima vya jirani vilipimwa kina chake kabla ya kazi kuanza, na vipimo hivyo anavyo nani, miti ni ya aina gani na miche itatoka kitalu kipi, dhamana ni kiasi gani, iko benki gani, na nani atakubali irudishwe. Jibu likiwa ni "mtaalamu atashughulikia", suala hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano kuwa halijajibiwa. Vipimo vya visima ni vya haraka kuliko vyote, kwa sababu baada ya pampu kuwashwa hakuna awezaye kuthibitisha maji yalikuwa wapi.

Asiyeridhika na leseni iliyotolewa anaweza kukata rufaa katika Mahakama ya Kitaifa ya Rufaa za Mazingira ndani ya siku 60. Wakazi wa Lamu walitumia njia hiyo dhidi ya mradi wa kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe, na tarehe 26 Juni 2019 leseni yake ya mazingira ilifutwa. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.